Tupeane uzoefu: Siku mgonjwa wetu wa saratani alipobadilika ghafla

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, salamu. Ninamuuguza dada yangu mkubwa mwenye saratani ya titi, na ninaomba tuelezane yaliyotupata siku ambayo mgonjwa alibadilika ghafla akiwa nyumbani, mbali na daktari wake. Habari za upasuaji, kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) na mionzi huwa tunapewa kliniki. Lakini usiku mgonjwa anapoanza kutetemeka ukiwa peke yako naye, ni wachache wanaokuwa wamekwisha kuelezwa la kufanya, na mimi sikuwa miongoni mwao.

Dada anapata kemo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kila baada ya siku 21, kisha tunarudi Morogoro kwa basi. Mizunguko miwili ya kwanza ilimchosha na kumpukutisha nywele, basi. Siku ya kumi baada ya mzunguko wa tatu, jioni, alikataa uji, akaomba khanga ya pili ajifunike, na nilipomgusa shingoni nikahisi joto. Nilimpa panadoli mbili, homa ikashuka, nikamshukuru Mungu, tukalala. Saa tisa usiku homa ilirudi na kumtetemesha hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Alfajiri tulimpeleka kituo cha afya cha jirani, tukaketi kwenye benchi pamoja na wengine, akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria, tukaambiwa anywe maji mengi na turudi naye nyumbani. Hakuna aliyeuliza kama ana ugonjwa mwingine. Nami sikusema, kwa kuwa nilidhani kitambaa alichojifunga kichwani kinatosha kujieleza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliyekuja kumjulia hali. Alifungua daftari la kliniki, akahesabu kwa vidole siku zilizopita tangu tarehe ya kemo, akaniambia nitafute gari saa hiyo hiyo la kumfikisha hospitali kubwa. Huko picha kamili ya damu ilionyesha kwamba zile chembechembe nyeupe zinazotangulia kupambana na vijidudu zilikuwa zimebaki 200, katika kipimo ambacho mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hashuki chini ya 1,500. Alianzishiwa antibiotiki za mshipani hata kabla ya majibu hayo kutoka, akalazwa siku nane.

Daktari alinieleza kwa utulivu kwamba kemo hupiga seli zinazozaliana haraka, zikiwemo zile za uboho zinazotengeneza damu, na kwamba chembechembe nyeupe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo maambukizi yanaweza kusambaa mwilini bila usaha wala uvimbe, kwa sababu askari wanaoleta usaha na uvimbe, yaani hizo chembechembe nyeupe, hawapo, na mara nyingi homa huwa ndiyo dalili pekee. Dalili hiyo pekee ndiyo niliyoifunika kwa panadoli mbili.

Naomba kusikia kutoka kwenu: ilianzaje, mlidhani ni nini, na ni nani aliyetambua?

Mchangiaji kutoka Moshi

Pole sana, ndugu. Kwetu alikuwa baba, mwenye saratani ya tezi dume. Alilalamika mgongo kwa wiki tatu, maumivu ya katikati yaliyozidi anapolala chali, na sisi sote, mama akiwemo, tulisema ni uzee na miaka ya jembe, tukawa tunamchua kwa dawa kila jioni. Jumapili moja akitoka kanisani alishika ukuta akasema, "Miguu hii imekuwa kama si yangu." Tulimkalisha, tukampa chai. Jumanne akashindwa kukojoa, na Jumatano ndipo tulipombeba kumpeleka hospitali, ambako kipimo cha MRI kilionyesha saratani imeingia kwenye pingili na inaukandamiza uti wa mgongo. Alipewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, siku hiyo hiyo na mionzi ikafuata. Maumivu yaliisha, nasi tulishukuru, lakini daktari hakutuficha: anayefika akiwa bado anatembea mara nyingi huendelea kutembea, ilhali aliyefika amebebwa ni nadra miguu irudi. Baba aliishi mwaka mmoja na miezi kwenye kiti cha magurudumu. Kila Jumamosi alitaka viatu vyake vya kanisani vipakwe rangi, nami nilivipaka. Kila nikikumbuka nafikiri juu ya ile Jumapili, maana alikuwa bado anatembea.

Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya saratani, Mwanza

Nawashukuru mliotangulia. Naomba kuongeza machache kwa mwanzisha mada. Nunueni kipimajoto, na mpime kabla ya kumpa mgonjwa dawa yoyote ya kushusha homa. Kwa aliye kwenye kemo, nyuzi 38 ni safari ya hospitali, iwe mchana au usiku. Msimwekee kipimajoto wala dawa njia ya haja kubwa, kwa sababu mchubuko mdogo hapo unaweza kuingiza vijidudu kwenye damu. Mkifika mapokezi, msingoje kuulizwa. Neno la kwanza liwe, "Huyu yuko kwenye kemo, leo ni siku ya kumi, ana homa," kwa kuwa lengo letu ni antibiotiki ziingie mshipani ndani ya saa moja. Halafu wapo wasiopata homa kabisa, hasa wazee na wanaotumia prednisoloni, dawa inayoweza kuficha homa: huyo utamwona amelegea, mikono ya baridi, anajibu maswali visivyo. Naye mharakisheni vilevile.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Bi mkubwa wetu alikuwa na saratani ya titi iliyosambaa mifupani. Alianza kwa kiu isiyokwisha na kwenda haja ndogo kila mara. Choo kikubwa kikafunga siku sita, kisha akawa analala mchana kutwa na kuwaita ndugu zake waliokwisha kufariki. Tuliamini kwamba anaaga. Jamaa walikusanyika, akasomewa Yasin, na mjomba akaanza kuulizia sanda kwa sauti ya chini barazani. Mpwa wangu, aliyekuwa mwanafunzi wa uuguzi, ndiye aliyeshikilia apimwe damu, na ikaonekana kalsiamu imepanda mno, kwa kuwa saratani ilikuwa inaila mifupa na kumwaga madini hayo ya mifupa kwenye damu. Alitiliwa maji mengi ya drip pamoja na dawa ya kuizuia mifupa isiendelee kumomonyoka. Siku ya nne asubuhi alifumbua macho, akauliza ni nani aliyehamisha kasha lake la nguo, na akataka chai ya maziwa. Tulijaaliwa kuwa naye miezi saba mingine. Si kila anayechanganyikiwa anaaga, jamani, apimwe kwanza.

Mchangiaji kutoka Musoma

Mwanangu wa miaka sita alikuwa na uvimbe wa taya, ile saratani iitwayo Burkitt. Uvimbe ulinywea siku mbili tu baada ya kemo ya kwanza, tukafurahi, kumbe hiyo ndiyo hatari yenyewe: seli zinapokufa nyingi kwa pamoja, taka zake huzielemea figo, na potasiamu, madini yanayomwagika kutoka kwenye seli hizo, inaweza kuusimamisha moyo. Walikuwa wamekwisha kumwekea maji ya drip na alopurinoli, dawa ya kuzikinga figo na taka hizo, mapema, na muuguzi alipima mkojo wake kwenye chupa usiku kucha. Ulipopungua alimwita daktari saa hiyo hiyo. Mtoto yupo, anasoma darasa la tatu.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nimesoma yote, na ya baba wa Moshi nimeyasoma mara mbili. Dada anaendelea; mzunguko wa nne ulisogezwa mbele wiki moja hadi chembechembe nyeupe zilipopanda, na wa tano ni Jumanne ijayo. Nimebandika karatasi nyuma ya mlango wa chumba chake yenye tarehe ya kemo, siku ya 7 hadi ya 14 zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu, namba ya wodi, na namba ya dereva wa bajaji aliyekubali kuamshwa usiku. Sista wa Mwanza, kipimajoto nilichopata ni cha kuweka kwapani. Je, kinatosha, au nitafute cha mdomoni kabla ya Jumanne?