Marta María Pérez Bravo: tumwite mpiga picha wa ndoto?

Wadau, naomba tulijadili hili. Mwaka 1985-86 mpiga picha wa Cuba, Marta María Pérez Bravo, akiwa mjamzito, alijipiga picha ameshika kisu mbele ya tumbo lake. Jina la picha ni mwiko wa wajawazito: usiue mnyama wala usitazame akiuawa. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na mwili karibu daima ni wake mwenyewe.

Wengi humweka kwenye fungu la usurealisti, ile sanaa ya ndoto aliyoitangaza André Breton kule Paris mwaka 1924. Mimi napinga.

Pérez Bravo anachota kwenye Santería, dini ya Cuba yenye asili ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, na kwenye Palo Monte, dini ambayo Cuba iliipata kwa watumwa waliotolewa Kongo. Katika Palo kuna chungu kinachoitwa nganga, chenye udongo, vijiti na mifupa, na ndani yake hukaa roho ya marehemu. Neno hilo tunalijua sisi. Kwetu mganga ni mtu, na kwa Wakongo vilevile nganga ni mtu. Huko ng'ambo jina likahamia kwenye chungu. Utumwa wa Cuba ulikoma mwaka 1886, neno likabaki. Mtu anayekiwekea chungu hicho chakula na kukiomba ulinzi haoti. Yuko macho kabisa.

Kuna hoja moja inayonisumbua, nakiri. Wifredo Lam, mchoraji wa Cuba ambaye mama yake wa ubatizo alikuwa kuhani wa Santería, alikuwa rafiki wa Breton na alifanya naye kazi. Kama Lam hakulikimbia jina hilo, mimi ni nani? Lakini Lam aliingia kwenye kundi lile kwa miguu yake. Kuingia mwenyewe na kuingizwa na wahakiki si jambo moja.

Mwingine atasema picha hizi hupangwa kwa makusudi, na aliyezipanga amesomea sanaa Havana, hivyo si ibada. Sawa, si ibada. Ila mchoraji wa Ulaya aliyemchora malaika mwenye mabawa akimtokea Bikira Maria naye alisomea kazi yake na akalipwa, na tunamwita mchoraji wa dini. Anayetetea lile jina anieleze kwa nini huyu wa Cuba asiitwe hivyohivyo.