Kilabu cha mtoni Uvinza: nani anakijua?

Mtoto wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba alipenda kusimulia kilabu cha pombe pale Uvinza, kando ya mto Ruchugi, kabla haujaingia Malagarasi. Eti abiria walishuka kwenye treni, wakanywa, na dereva akawasubiri! Kweli hii, au mzee alitia chumvi?

Mstaafu wa Reli
Mwanangu, Uvinza chumvi hatutii, tunachemsha. Dereva hakumsubiri mlevi yeyote. Ila reli ni njia moja, treni hupishana stesheni. Ya Kigoma ikichelewa, nyie mnakaa hapo mpaka koo linakauka, na mto uko hapo chini.

Lakini kilabu hakikuwa cha abiria. Kilikuwa cha watu wa chumvi. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walipopita 1858, chumvi ya Uvinza ilikuwa tayari bidhaa ya kusafiri mbali, na treni ilipofika Kigoma, 1914, haikuanzisha biashara hiyo, iliikuta. Enzi za mababu walichemsha kiangazi tu, maana masika mto unafunika chemchemi za maji ya chumvi. Moto mbele, jua mgongoni: mtu wa hivyo utamnyima pombe?

Nilipofika mimi, miaka ya 70, mabenchi yalikuwa mataruma ya chuma yaliyochakaa (msiniulize yalifikaje). Ukikaa na kaptula saa nane mchana unaruka mwenyewe. Wanzuki ilitengenezwa kwa asali iliyoshuka na treni kutoka Tabora, ndani ya madebe. Kambale wa kubanika walitoka hapohapo mtoni. Na mama mwenye kilabu hakukopesha mtu wa reli, kwa sababu leo yuko Uvinza, kesho Kaliua.

Muha wa Kasulu
Shikamoo mzee. Bibi yangu alikuwa akipika pombe huko. Anasema ya mtama ndiyo iliyonyweka zaidi, wanzuki ilikuwa ya wenye mshahara.

Mstaafu wa Reli
Marahaba. Bibi yako ni mkweli. Sisi tulikuwa na mshahara.

Mtoto wa Isevya
Asante mzee. Nikienda leo nitakikuta?

Mstaafu wa Reli
Pale mtoni, hapana. Wauzaji wamefuata barabara, na mabasi yakishavuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi hayana habari na mtu. Uliza wanzuki stesheni, lakini wahi asubuhi. Jioni wanaongeza maji.