Kutia nanga juu ya mwamba msimu wa upepo wa matlai: boti haikai, chubwi (vizito vya mshipi) zinakwama

Kilindi_Malindi aliuliza:

Salaam aleikum wazee wa bahari. Boti ni ya faiba, mita 7, mashine ya nguvu farasi 40, inachukua wageni wanne wa mshipi. Mwamba tunaovulia uko nje ya mpaka wa hifadhi, kina mita 22 hadi 28. Kusi imelala na bahari ni shwari, lakini tukitia nanga boti inaishia mchangani. Ikikaa mwambani, kila mgeni anapoteza chubwi mbili tatu kwa saa na samaki aina ya kikande wanamaliza chambo. Samaki tunaowataka, tewa na changu wakubwa, wapo, kwa sababu wavuvi wa ngalawa wanawatoa palepale. Nirekebishe nini kwanza: nanga, mshipi au chambo?

OmoNaTezi (Shela, Lamu) alijibu:

Waaleikum salaam nahodha. Anza na nanga, mengine yote yanafuata. Tewa hatoki pangoni kufuata chambo mbali. Ukiwa umepishana naye mita tano, hata chambo kiwe kizuri vipi, hakijui.

Kosa la wengi ni kudondosha nanga juu ya mwamba wenyewe. Boti hurudi nyuma kwa urefu wa kamba, na hapo ndipo mchanga unapoanza. Tia chelezo kwanza: dumu la lita 5, kamba nyembamba na kipande cha chuma cha kilo 2, kidondoke pale hasa unapotaka wageni wavue. Halafu weka gia huru, uiache boti ielee dakika tatu. Usiangalie upepo peke yake wala maji peke yake. Matlai ni hafifu na hutoka mashariki, wakati mkondo wa nje bado unapanda kaskazini, kwa hiyo boti inashika njia ya katikati ambayo huwezi kuikisia kwa macho. Njia hiyo ndiyo utakayoirudia kinyumenyume kwenda kutia nanga.

Umbali upigie hesabu. Kina mita 25, amari (kamba ya nanga) mita 75, mara tatu ya kina: nanga iwe kama mita 70 mbele ya chelezo, uongeze mita 5 hadi 10 za kuburura kabla haijashika. Hapo kwa kawaida ni mchanga au kokoto, na ndivyo inavyotakiwa, maana nanga haivunji matumbawe hai. Ukiona chini kuna matumbawe, hama. Mwamba uliovunjwa leo hautakulisha mwakani. Legeza amari taratibu mpaka chelezo kiwe ubavuni mwa tezi (nyuma ya boti), ndipo ufunge omo (mbele). Ukikosea kwa mita tatu, legeza au vuta mita tatu, huna haja ya kuanza upya.

Boti ikiyumba huku na huku, funga kamba ya pili kwenye amari mita chache mbele ya omo, uilete tezini na kuikaza kidogo ili boti ikae mshazari. Hii ni kwa bahari tulivu tu. Usifunge nanga tezini moja kwa moja hata siku moja: wimbi moja la nyuma linajaza boti ndogo.

Baura (nanga ya kucha mbili) ni ya mchanga mtupu. Penye mawe tumia nanga ya kucha nne ya nondo za milimita 10 au 12, ambazo zikikwama hunyooka zikivutwa na mashine. Bora zaidi, funga amari chini, pale kucha zinapokutana, kisha uishikize kwenye pete ya juu kwa uzi dhaifu. Nanga ikigoma, uzi unakatika na nanga inatoka kinyumenyume.

Mshipi80 (Mayungu) alijibu:

Naongezea upande wa mshipi. Chubwi iwe chini kabisa, na ndoana juu yake kwenye vitawi (nyuzi fupi za pembeni) viwili vya sentimita 30. Mshipi mkuu uwe wa nguvu ya pauni 80, vitawi pauni 60, na chubwi ining'inie kwa uzi wa pauni 20. Ikikwama unapoteza chubwi peke yake, ndoana na samaki wanarudi. Wala usinunue chubwi za risasi kwa kazi hii, kata vipande vya nondo vya gramu 250 hadi 300. Chubwi nyepesi hukwama zaidi, kwa kuwa mkondo unaiburura kwenye nyufa. Ikigusa chini, mgeni ainue nusu mita na kubaki hapo. Wanaoacha mshipi ulegee ndio wanaopoteza.

Kikande: tumia mnyiri (mkono) wa pweza, mgumu, ukubwa wa kidole gumba, uupitishe ndoana mara mbili. Nyama ya kamba wa baharini na vipande vya samaki wa una wanavinyonyoa kabla havijafika chini. Kaa aliyekatwa nusu ni chakula hasa cha changu, ila kikande nao wana meno ya kuvunja gamba, kwa hiyo mtumie wakishatulia. Wasipotulia, legeza amari mita nne uone.

Kilindi_Malindi:

Shukrani sana. Wageni wakiguswa tu wanavuta kwa nguvu, na ndoana ni za mviringo, saizi 6/0. Tatizo ni hilo?

Mshipi80:

Ndiyo. Ndoana ya mviringo ukiigutua inatoka mdomoni. Ngoja uzito ukae, kisha inua bila kusita. Mita mbili za kwanza usimpe tewa nafasi hata kidogo, maana akirudi pangoni anatanua matamvua (mashavu ya kupumulia) na hutoki naye. Akishaingia, legeza mshipi kabisa dakika tatu nne. Mara nyingi hutoka mwenyewe, hapo uwe tayari.

Bamvua_Ngomeni alijibu:

Chagueni siku pia. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) mkondo ni mkali na maji yaliyosimama hayadumu. Wakati wa maji mafu (yanayopanda na kupwa kidogo), tarehe 8 hadi 10 na tena 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, chubwi ileile inakaa wima muda mrefu zaidi. Vuli ikinyesha bara, mto Sabaki hushusha tope, na kaskazi ikianza huliteremsha kusini mpaka Malindi. Maji yakiwa ya kahawia, tafuta mwamba wa nje zaidi.

Kuhusu tewa wadogo: rudisheni, tafadhali. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadhi hugeuka madume wakikua, kwa hiyo ukimaliza wadogo unamaliza mayai, ukimaliza wakubwa unamaliza madume. Anayetoka mita 25 huja tumbo limejaa hewa na huelea akitupwa hivihivi. Msitoboe mfuko wa tumbo uliotokeza mdomoni. Chukua ndoana isiyo na chembe (jino la nyuma linaloizuia kutoka), ifunge kichwa chini kwenye chuma cha kilo 1, mshike mdomo wa chini, mteremshe mpaka chini kisha uvute kwa ghafla: ndoana inatoka, naye anaondoka.

Wa kubaki nao, kata matamvua mara moja, damu itoke, kisha watie kwenye barafu iliyosagwa na kuchanganywa na maji ya bahari, barafu mbili kwa maji moja. Kwa joto la Novemba bebeni angalau kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki mnaotarajia.