Tupeane uzoefu: uliripoti uharibifu wa bahari au ufukwe, kesi ikaishia wapi?

Mleta mada (Tanga)

Wakuu, salaam. Nyuzi za kuilaumu serikali kwa jumla zipo tele, huu si mmoja wao. Nataka tujibu swali moja tu: sheria za mazingira huku pwani zinakatikia wapi? Kwenye karatasi hatuna upungufu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inampa anayevua kwa baruti kifungo kisichopungua miaka 5. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 za ufukwe. Hifadhi za bahari zina sheria yake tangu 1994. Mwenye kisa aseme aliona nini, alimwambia nani, kikaishia wapi. Majina ya watu na ofisi tuyaache, tusije tukaitwa sisi.

Naanza mimi. Enzi za baruti huku kwetu ulikuwa unasikia mlio ukiwa bado kitandani, mabati yanatetemeka. Samaki akifika mnadani huhitaji kuambiwa: ukimbonyeza amelegea, ukimpasua mifupa imevunjika na damu imevilia tumboni. Wachuuzi walikuwa wanamjua na wananunua, kwani ana bei nafuu. Boti ya doria ikiwa bado inatiwa mafuta, simu zilishafika baharini.

Siku moja wakakamatwa kweli. Sasa kidhibiti ni samaki, na samaki anaoza. Barafu hakuna, mtaalamu wa kuandika taarifa yuko safarini, hakimu ashike nini? Jirani yangu alikubali kutoa ushahidi. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, nauli ya kwenda mjini anajilipia mwenyewe. Mkewe alikuwa akikaanga samaki wa kuuza, akashangaa kila akienda ufukweni anaambiwa hakuna. Jirani akaacha kwenda mahakamani, kesi ikafutwa.

Haki isemwe: kufikia 2018 milipuko ilikuwa imepungua sana, baada ya polisi na idara nyingine kuanza kufanya kazi kwa kikosi kimoja na kuwafuata wanaoleta baruti, si vijana wa kwenye ngalawa tu. Kumbe inawezekana. Ndiyo maana naudhika zaidi.

Mdau wa Kunduchi

Mkuu umenigusa. Kwetu walikuja watu na rangi nyekundu, wakapiga X vibanda vya mama lishe na vya wavuvi, kisha wakapiga X ukuta wa zege ulioingia mpaka kwenye maji. Tukasema leo sheria imefika. Vibanda vilivunjwa wiki ileile. Ukuta ulipakwa rangi nyeupe, X ikapotea, na sasa una taa.

Watu hawaelewi ukuta ule unafanya nini. Wimbi likigonga zege haliishi nguvu, linarudi na mchanga, na pembeni ya ukuta ndipo panapoliwa zaidi. Jirani naye anajenga wake ili ajiokoe, na wa tatu hivyohivyo. Ongeza mchanga unaochotwa mitoni huko juu, Tegeta na Mbezi, ambao ndio ungeshuka kujaza ufukwe. Wazee wanaikumbuka hoteli ya Africana, bahari iliila. Mimi niliandika barua ya malalamiko. Dirisha la kwanza likanipeleka la pili, la pili likasema hiyo ni ya halmashauri, halmashauri wakasema ni ya dirisha la kwanza.

Mvuvi mdogo, Kilwa

Naomba na mimi nisikilizwe, ingawa najua mtanishambulia. Mimi ndiye mliyenichomea kokoro, ule wavu wa kukokota. Najua linazoa mpaka vitoto vya samaki, sibishi. Lakini wavu ule niliununua dukani, mjini, mchana kweupe, nikapewa risiti. Siku ya kuchoma alikuja kiongozi na wapiga picha, petroli ikamwagwa, picha zikapigwa. Duka halikuguswa, na msimu uliofuata lilikuwa na mzigo mpya. Nilibaki na deni la aliyenikopesha hela ya wavu. Mkitaka kujua sheria inakatikia wapi, anzeni pale kaunta.

Mleta mada

Kaka hapa hakuna wa kukushambulia. Hilo la duka ndilo nililokuwa nalitafuta.

Mkaazi wa Chwaka, Unguja

Kwetu ni mikoko. Inakatwa kwa ajili ya kuni za matanuri ya chokaa na makaa. Nilikwenda kwa sheha, akaniambia, "Mwanangu, ninawajua wote, lakini tunazikana." Basi.

Mtu wa Mtwara

Hapo pa Chwaka pananikumbusha Mikindani. Chokaa yetu ilikuwa inatoka kwenye matumbawe yenyewe: yanang'olewa baharini, yanaanikwa, yanachomwa. Nyumba ngapi za maofisa zilipakwa chokaa ile, nawaachia.

Mwanachama wa BMU, Pangani

Mimi nipo upande wa wanaolinda, kwa hiyo nieleze na yetu. Kikundi cha BMU (Beach Management Unit, yaani kikundi cha kijiji cha kulinda ufukwe na uvuvi) ni wanakijiji wa kujitolea. Hatuna silaha, hatuna mshahara. Mradi ukiwepo tunapata boti na mafuta, mradi ukiisha boti inabaki imefunikwa turubai. Ukikamata, unayemkamata ni shemeji yako au mtoto wa mwenye nyumba uliyopanga.

Na tusidhani tangazo linatosha. Kisiwa cha Maziwe hapa mbele yetu kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, wakati huo kina mivinje na kasa wanapanda kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna tena kisiwa, ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Watalii tunawapeleka kuogelea, na hifadhi bado ipo kisheria.

Binti wa Mombasa

Jamani, huku Kenya tuna kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa. Kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto wakaugua. Wakaazi walilalamika miaka, wakashtaki. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia zikabebeshwa sehemu yake. Rufaa ikaivunja 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Ninachotaka mkione: walifika huko kwa sababu ya makaratasi. Vipimo vya damu, barua, tarehe.

Mdau wa Kunduchi

Dada, barua mimi ninayo, lakini wanasema hawajawahi kuipokea.

Binti wa Mombasa

Ulipeleka nakala mbili? Moja unawaachia, ya pili wanakupigia muhuri na tarehe. Wakikataa muhuri, itume kwa rejista ya posta na uweke risiti. Usiende peke yako, na barua isainiwe na watu wengi ili asionekane mmoja wa kusumbuliwa. Picha za ukuta piga kutoka sehemu ileile kila mara, maji yakiwa yamekupwa.

Mdau wa Kunduchi

Muhuri sikupigiwa. Naandika upya. Walioko Kunduchi wanaotaka kusaini wanifuate inbox.

Mvuvi mdogo, Kilwa

Na ya duka nani anaandika? Risiti bado ninayo.