Bima wamekataa kulipia upasuaji wa kupunguza uzito wa binti yangu wa miaka 16, naombeni ushauri (Kigoma)

Mama_Gungu

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni. Nipo Kigoma mjini, Gungu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo lenyewe limenichosha na hata majirani sijawaambia.

Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Urefu wake ni sentimita 161, uzito kilo 128. Hizo kilo nilizipata kwa tabu. Mizani ya zahanati inaishia 120, mshale uligonga mwisho ukabaki pale unatetemeka. Mhudumu akasema nimpeleke mwaloni Kibirizi akapimwe kwenye mizani ya dagaa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikampeleka. Alipanda kwenye ule ubao na sare zake za shule, wachuuzi wakaacha kushona magunia wakawa wanamtazama. Hakulia. Alishuka, akasema "mama twende," na tangu siku hiyo hapandi mizani yoyote mbele yangu.

Alianza kunenepa darasa la nne. Nyumbani tulifurahi, bibi yake akasema mtoto ana afya. Baadaye shingo ikawa nyeusi, bibi akadhani haogi vizuri, akawa anamsugua kwa dodoki na sabuni mpaka ngozi inachubuka. Kumbe daktari amekuja kutueleza kuwa weusi ule ni dalili ya mwili kushindwa kuitumia insulini. Tulikuwa tunamsugua mtoto ugonjwa.

Mwaka jana akakutwa na kisukari cha aina ya pili, anameza metformin. Presha mara ya mwisho ilisoma 150 kwa 95. Usiku anakoroma, halafu kimya kabisa. Mimi nalala chumbani kwake siku hizi, kwa hiyo nahesabu. Kuna usiku nilifika 22 ndipo akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani.

Chakula tumehangaika nacho miaka miwili na mtaalamu wa lishe. Ugali wa muhogo kiasi cha ngumi, migebuka ya kuchemsha bila mawese, soda hakuna, kila jioni anatembea Gungu hadi Mwanga na kurudi. Alipungua kilo 7, zikarudi 9.

Tulifika hadi kwa bingwa Dar es Salaam, akashauri upasuaji wa kupunguza tumbo. Mume wangu ameajiriwa na shirika moja upande wa Kasulu, wana bima ya kampuni binafsi na sisi familia tumo. Tukaomba kibali. Jibu lilikuja mistari miwili: huduma iliyoombwa ni ya urembo, haimo kwenye mafao. Urembo! Mtoto anayekata pumzi usiku!

Fedha tulizotajiwa, hata tukiuza kiwanja cha Mwandiga hazifiki. Naanzia wapi? Kuna aliyewahi kukataliwa akabisha na akasikilizwa?

Mwana_Ujiji

Pole sana dada yangu. Ila mimi kwa mtazamo wangu, mtoto wa miaka 16 kukatwa tumbo hapana. Bado anakua. Mpelekeni kwa babu zake likizo nzima alime, ale mihogo na maharage, atapungua tu. Sisi tulikua hivyo na hatukuwa na haya magonjwa.

Nesi_wa_Zamu

Kaka Mwana_Ujiji, nakuheshimu, na najua umesema kwa nia njema. Lakini huyu mama ameeleza miaka miwili ya lishe na kutembea. Kumwambia akalime ni kumrudisha mwanzo huku sukari haimsubiri. Kisukari cha aina ya pili kikimpata kijana kinakwenda mbio kuliko kwa mtu mzima, macho na figo huanza kuguswa mapema.

Tupige hesabu. Kilo 128 ugawe kwa 1.61 mara 1.61, unapata 49, ndiyo BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha madaktari wa watoto Marekani unataka kijana wa kuanzia miaka 13 mwenye unene mkali apelekwe kwa timu ya upasuaji akatathminiwe. Kipimo chao ni 35 na kuendelea akiwa na magonjwa kama kisukari au kukata pumzi usingizini, au 40 hata kama hana ugonjwa mwingine. Kwa hiyo binti wa 49 mwenye kisukari na presha hajavuka mstari kwa bahati mbaya tu. Yuko ndani kabisa.

Halafu kuna utafiti wa Marekani unaitwa Teen-LABS, matokeo ya miaka mitatu yalitoka mwaka 2016. Vijana 242 waliofanyiwa upasuaji walipungua kwa wastani asilimia 27 ya uzito. Waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, asilimia 95 kilitulia. Ila nakwambia na upande wa pili, dada, usije ukasema hukuambiwa: asilimia 57 walikutwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na asilimia 13 walirudi kufanyiwa tena upasuaji au utaratibu mwingine wa tumboni. Ni tiba kubwa, na ina gharama yake mwilini.

Dawati_la_Madai

Mama Gungu, pole. Nilikaa dawati la madai ya afya miaka sita, kampuni siitaji. Nakueleza jinsi jambo hili linavyokwenda kwa ndani.

Swali la kwanza: fomu ya kibali ilijazwaje? Nakisia iliandikwa "unene uliokithiri, upasuaji wa kupunguza uzito," ikaishia hapo. Anayeipokea ana rundo mezani, mara nyingi si daktari. Anaona neno "uzito," mkono unakwenda kwenye fungu la urembo. Magonjwa yana misimbo yake ya kimataifa ambayo hospitali hujaza kwenye fomu. Unene ni E66. Kisukari cha aina ya pili ni E11. Kukata pumzi usingizini ni G47.3. Presha ni I10. Mtoto wako ana yote manne, na mimi nahisi karatasi iliyofika kule ilibeba moja tu. Ukiomba kupunguza uzito, unaambiwa urembo. Ukiomba kutibiwa kisukari na pumzi, na upasuaji ndiyo njia aliyoichagua bingwa baada ya nyingine kushindikana, hapo huwezi kujibiwa kwa mistari miwili.

Pili, tafuta mkataba wenyewe. Sizungumzii kadi wala kile kijitabu chenye picha. Bima ya kundi mkataba unakuwa kwa mwajiri, kwa hiyo mume aombe kwa afisa rasilimali watu au kwa dalali wa bima aliyewaunganisha. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya visivyolipiwa. Hapa sikiliza vizuri, ndipo wengi wanapopotea. Kama wameandika "upasuaji wa urembo" peke yake, una nguvu ya kubisha, kwa sababu kutibu kisukari si urembo. Lakini mikataba mingine inataja kabisa "matibabu ya unene" kwenye mstari wake. Ukikuta hivyo, kubishana kuhusu urembo ni kupoteza muda. Mwajiri ndiye aombe. Anaweza kuomba malipo ya hisani, yaani kampuni ilipe ingawa mkataba hauilazimishi, au aombe fao hilo liongezwe mwezi wa kuhuisha mkataba. Mwajiri mwenye wafanyakazi wengi husikilizwa kuliko mama mmoja mwenye barua. Sisemi kwa ubaya, nimeyaona.

Angalia pia kikomo cha kulazwa kwa mwaka. Unaweza kushinda kibali halafu ukakuta kikomo kinalipa nusu.

Tatu, barua mpya ya daktari. Iwe na uzito na urefu kwa tarehe, matokeo ya sukari ya miezi mitatu, presha, dawa anazotumia, miaka miwili ya lishe na nani alisimamia, kilo zilizopungua na zilizorudi. Hizo 7 na 9 usizionee haya, ndizo ushahidi kwamba mlijaribu. Aeleze pia kitakachotokea asipofanyiwa. Na omba rufaa yako ya kupinga uamuzi wao isomwe na daktari mshauri wa bima, isirudi tena kwa karani yuleyule.

Wakikataa tena, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba walichotumia. Ukishakuwa nayo, unaweza kulalamika TIRA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wote wapo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Watakuuliza kwanza kama ulimalizana na kampuni, ndiyo maana nakusisitizia karatasi.

Nesi_wa_Zamu

Naongeza hapo kwenye pumzi. Mama, usihesabu tu. Mrekodi kwa simu dakika kumi, kifua kionekane na sauti isikike, umpelekee daktari. Video haiwi badala ya kipimo cha usingizi, lakini daktari akiiona ataandika kwa uhakika na atajua namna ya kumpa rufaa ya kipimo chenyewe. Na usiku muelekeze alale ubavu, asilale chali.

Mwalimu_Kasulu

Dada, mbali na hiyo bima, usisahau hospitali za umma. Hospitali ya Mloganzila kule Dar wanatoa huduma za kupunguza uzito, kuna wanaowekewa puto tumboni na wanaofanyiwa upasuaji. Puto ni la muda, linatolewa baada ya miezi, kwa hiyo waulizeni lipi linamfaa kijana. Njia ya kawaida ni kuanza na rufaa kutoka Maweni, hospitali yenu ya mkoa. Na kila hospitali ya umma ina afisa ustawi wa jamii, ndiye anayeshughulikia wasio na uwezo. Nendeni kwake kabla deni halijatokea.

Mimi natumia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kwetu kila kitu ni kitita, yaani orodha ya huduma wanazolipia, kilibadilishwa tarehe 1 Machi 2024, na nimejifunza kuuliza ofisi ya mkoa kwanza kama huduma imo ndipo ninunue tiketi. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, si safari ya kwenda kuambiwa rudi.

Bi_Isevya

Mwanangu Mama Gungu, nipo Tabora. Nilifanyiwa huo upasuaji nikiwa mtu mzima wa miaka 41, wa kuacha tumbo kama mrija. Wanaondoa sehemu kubwa kabisa ya tumbo, wanakuachia kipande chembamba kama ndizi. Naomba nikueleze yale ambayo kwenye barua hayapo.

Wiki za kwanza ni maji na uji mwepesi. Kijiko kimoja cha chai, unasubiri, kingine. Nikisahau nikanywa kwa pupa, natapika. Mwezi wa nne nywele zilianza kudondoka, nikichana nazikuta kitanani, nikadhani nakufa. Zilirudi. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha: chuma, B12, kalisi, D. Vinagharimu kila mwezi, na damu inatakiwa ipimwe kila mara. Kwa hiyo mnapoandika hiyo rufaa, msiombe upasuaji peke yake. Ombeni na kliniki za baadaye, vipimo na vidonge. Mimi nililipiwa chumba cha upasuaji, vilivyofuata nikabaki navyo mwenyewe. Kwa binti kuna jambo jingine, daktari atamwambia asibebe mimba mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji. Ni mtoto, ndiyo, lakini aambiwe.

Sasa mwanangu nina swali, usinielewe vibaya. Nimesoma uzi wote. Mume yumo, bibi yumo, bima imo. Yeye mwenyewe anasemaje? Ridhaa mtasaini ninyi kwa kuwa hajafika 18, lakini kijiko cha uji atakishika yeye.

Mwana_Ujiji

Nimesoma mpaka chini. Dada naomba radhi kwa nilichoandika mwanzo, sikujua habari ya pumzi ni nzito kiasi hicho. Mdogo wangu yuko kwa dalali wa bima hapa mjini, ukihitaji mtu wa kukusomea mkataba nitakuunganisha kwa ujumbe wa faragha.

Mama_Gungu

Nimekaa siku nne sijaandika, samahanini. Bi Isevya shikamoo. Lile swali lako lilinikosesha usingizi, maana ni kweli sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa namwambia.

Jumamosi tulikuwa tunachambua dagaa, nikamuuliza kama anautaka upasuaji. Alinyamaza muda mrefu, vidole vinaendelea kutoa mchanga. Nikamsomea maneno yako yote, ya kijiko, ya nywele, ya vidonge. Akauliza kama nywele zilirudi zote, nikamwambia ndivyo ulivyosema. Halafu akasema, "Nataka usiku uwe unalala chumbani kwako." Hakuongeza neno. Baadaye aliniletea karatasi ya daftari ukurasa mzima, ameandika mwenyewe tangu alipoanza kuchoka ngazi za shule. Hiyo nitaiambatanisha.

Mkataba mume ameupata. Kwenye visivyolipiwa wameandika upasuaji wa urembo isipokuwa unaotokana na ajali. Unene hawajautaja popote, tumesoma mara tatu, na mdogo wake Mwana_Ujiji naye amesoma, Mungu ambariki. Fomu ya kwanza nayo tumeiona. Dawati ulikisia sawasawa, ilikuwa na E66 peke yake. Daktari ameahidi barua mpya Jumatano, na ile video ameitazama mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama.

Kilichobaki ni swali dogo. Rufaa niitume kwa barua pepe au mume aipeleke kwa mkono ofisini kwao?

Dawati_la_Madai

Vyote viwili. Barua pepe mara tu daktari akitoa barua, ili tarehe ihesabike, na nakala mbili kwa mkono. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea, waandike tarehe na jina la aliyepokea, arudi nayo. Asiondoke pale kaunta bila huo muhuri. Na ile karatasi ya binti iwe juu ya zote.