RTX 4060 au RX 7600? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Kijana_Nyalenda: Habari za jioni wadau. Niko Kisumu, nina elfu 40, na nimekwama kati ya kadi mbili za picha (graphics) za kompyuta, RTX 4060 na RX 7600, zote zina kumbukumbu ya GB 8. Skrini ni ya 1080p, gemu ni GTA V na EA FC. Nisipoamua kufikia Ijumaa, kadi inachukuliwa na mwingine. Nishike ipi?

Section58: 4060. Inakula wati 115, mwenzake 165, na DLSS, mbinu yake ya kukuza picha ili gemu iende kasi, hutoa picha safi kuliko FSR ya mwenzake kwenye 1080p. Ila ukikutana na RTX 3060 ya GB 12 usiipite. Gemu mpya zikijaza GB 8, kuta na barabara zinabaki na ukungu na mchezo unakwamakwama, hata namba ya fremu kwa sekunde ikionekana nzuri.

MamaWatoto_Kakamega: Mwanangu, elfu 40 ni pesa ya karo. Kama uko chuo, maliza muhula kwanza. Gemu hazikimbii.

Fundi_Milimani: Taja kompyuta kwanza. Prosesa, pawa saplai, kasha.

Kijana_Nyalenda: Core i5 kizazi cha 7, ram GB 16, SSD. Mashine iko sawa, mkuu, shida yangu ni kadi tu.

Fundi_Milimani: Pawa saplai hujataja. Mbele pameandikwa nini?

Kijana_Nyalenda: Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba, ex-UK. Lakini muuzaji amesema itakubali, na nimeshatuma elfu tano M-Pesa anishikie 4060. Pia nikipata kompyuta kubwa baadaye nitaihamisha, kwa hivyo sioni hasara.

Fundi_Milimani: Hapo ndipo penye shida. Pawa saplai ya hiyo ni wati 180 na haina waya wa kadi. Soketi ya madabodi hutoa wati 75 basi, na 4060 nyingi zinadai waya wa pini 8. Usidanganywe na adapta ya kutoka SATA, waya wa umeme wa diski: waya wa SATA hubeba wati 54 hivi kwenye volti 12, plastiki inayeyuka. Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi, maana plagi ya Dell hiyo si ile ya kawaida ya pini 24, na kasha halina nafasi.

Kondele_Umeme: Hata ukiweka kadi gani, nunua UPS, lile boksi la betri ya akiba. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo ndiyo huua vifaa. Chomeka kompyuta na skrini pekee, pasi na spika zikae ukutani.

Kijana_Nyalenda: UPS itafuata. Lakini kadi niliiona ikicheza GTA V, fremu 90, ndani ya mashine kama yangu.

Section58: Samahani, hii stori naona umeitunga. Chuma cha nyuma cha kadi ya kawaida ni sentimita 12, kasha lako linapokea cha sentimita 8. Na 4060 ya pini 8 isipopata waya wake huleta maandishi ya kukuambia uzime na uunganishe waya. Hakuna fremu 90 hapo. Wewe ndiwe muuzaji?

Kijana_Nyalenda: Sijatunga chochote! Ilikuwa mashine ya dukani, imefunikwa. Mbele pameandikwa Dell, nikadhani ni sawa na yangu. Sasa nikikumbuka, ilikuwa pana.

Section58: Basi niwie radhi, ndugu. Mwambie aijaribu ndani ya mashine yako, mbele yako. Atakataa.

Fundi_Milimani: Usigombane naye. Mwombe elfu tano zako zihamie RTX 3050 ya GB 6, ile fupi. Inakula wati 70, yote kutoka kwenye soketi. Ya GB 8 ni wati 130, usiipokee hata akikupunguzia bei. Angalia ukingo wa juu wa kadi: ukiona matundu ya waya, iache. Hakikisha kuna kile chuma kifupi ndani ya boksi, na upime kwa rula kama kasha lina upana wa nafasi mbili za kadi, kwa sababu nyingi ni nene. Beba mashine yako dukani, fungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, usome jina na GB 6. Ikiandika neno FAKE kwenye jina, toka. Kisha cheza nusu saa. Kwenye GTA V teremsha nyasi na MSAA (mpangilio wa kulainisha kingo za picha), prosesa yako ya i5 ina nyuzi (threads) nne tu na ndiyo itakayochoka kwanza.

Kijana_Nyalenda: Anayo ya GB 6 lakini chuma kifupi hakipo kwenye boksi.

Fundi_Milimani: Bila hicho kasha halifungiki. Mwambie akitafute kabla hujamaliza kulipa.