Ua jekundu lenye mkonga nyuma, msitu wa Marangu: ni mmea gani?

Mwika_Juu: Wadau, naomba msaada. Njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, kabla ya kufika kambi ya Mandara, kwenye kivuli kizito pembeni ya kijito, nimeona mmea mfupi wa shina laini lenye maji maji. Ua ni jekundu, mdomo wa njano, na nyuma lina kipembe kinene kilichojikunja kama mkonga wa tembo. Ni zuri ajabu! Bustani za Moshi nzima sijaliona. Sikulichuma, picha tu.

Mwongozaji wa Machame: Kaka, hiyo ni *Impatiens kilimanjari*. Duniani kote inaota Kilimanjaro peke yake. Inataka unyevu na kivuli, ukikata miti ya juu yake imekwisha. Wageni wengi wanaipita wakiwaza kilele, inaniuma.

Mama Kibosho: Hongera kwa kutoichuma mwanangu, mle ni hifadhi. Angalia na vitumba vya mbegu: vikikomaa, ukivigusa vinapasuka na kurusha mbegu.

Mwika_Juu: Shikamoo mama, asante. Na karibu yake palikuwa na nyingine ya waridi iliyopauka, umbo linafanana. Ni ile ile?

Mwongozaji wa Machame: Hapo sasa! Kuna ndugu yake, *Impatiens pseudoviola*, maua yake madogo, ya rangi nyepesi. Hizi mbili huchanganya damu, na chotara wao wameonekana mlimani. Weka picha ya ubavuni, kipembe kionekane chote.